Namna Nilivyoizoea Linux Mint na Kuipanga Ifuate Kazi za Steshenari Yangu

Ninaendesha steshenari ndogo mjini Morogoro, na kazi zangu ni zile ambazo kila aliyewahi kuingia katika duka la aina hiyo anazifahamu: kuchapa barua za maombi ya kazi, kudurufu vyeti, kuskani nyaraka na kuandaa mikataba ya pango. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, iliyotumika kabla ya kunifikia, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, RAM ya GB 4 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Ilipojulikana kwamba huduma ya masasisho ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, ilinibidi niamue, kwa sababu Windows 11 hudai, kwa sehemu kubwa, prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha nane pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0, na kompyuta yangu haikutimiza masharti hayo ingawa ilikuwa nzima na ilichapa kazi kila siku. Kununua nyingine kungemeza mtaji wa karatasi na wino. Nilihamia Linux Mint, mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta badala ya Windows, na hapa nataka kueleza zaidi yale yaliyofuata baada ya kuisakinisha, yaani kuuzoea mfumo huo na kuupanga mpaka ukafuata mwendo wa kazi zangu.

Linux Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, nayo imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004. Hutolewa kwa sura tatu za eneokazi, yaani skrini ya kazi pamoja na menyu na mipangilio yake: Cinnamon, MATE na Xfce. Nilichagua Xfce, ambayo Olivier Fourdan aliianza mwaka 1996, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko hizo mbili, na kwa kompyuta yenye GB 4 za RAM wepesi huo huonekana wazi mtu anapofungua kivinjari na barua ndefu kwa pamoja. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litapata masasisho hadi mwaka 2029, muda unaonitosha kabisa. Kabla ya kugusa diski niliwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo huo na kuutumia hivyo hivyo bila kusakinisha chochote, nikajaribu printa, skana na sauti. Namsihi kila mwenye duka afanye hatua hiyo kwanza, kwa kuwa printa isiyokubali ni hasara ya siku nzima, na ni afadhali kulijua hilo wakati mfumo wa zamani bado upo mahali pake.

Kusakinisha kwenyewe hakukuwa na mengi. Jambo nililolifanya mara tu baada yake ni kufungua Timeshift, programu inayokuja na Mint, na kuiagiza ihifadhi hali ya mfumo kwenye diski ya pembeni. Timeshift haigusi barua wala picha za wateja, kwa hiyo hizo zinahitaji nakala zake. Inachohifadhi ni mfumo wenyewe, ili kitu kikiharibika mtu aweze kuurudisha ulivyokuwa jana. Nilipokuwa na uhakika huo mkono wangu ulipata ujasiri wa kugusa kila mpangilio, na nadhani watu wengi huogopa mfumo mpya kwa sababu tu hawana njia ya kurudi nyuma.

Ushauri wanaopewa wengi wanaohama ni kuifanya Linux ifanane na Windows, kwa rangi zile zile na aikoni zile zile. Mimi siukubali. Mfanano huo hukaa juu juu, na mtu anaendelea kutafuta vitu mahali ambapo havipo. Nilichofanya ni kuweka daftari juu ya kaunta na kuandika kila kitendo nilichokirudia kutwa nzima pamoja na kila mahali ambapo mkono ulikwama, kisha jioni, wateja wakiisha, nikarekebisha kimoja tu kati ya hivyo na kukiacha mpaka nikizoee. Fundi cherehani hupanga mkasi na chaki pale mkono wake unapofika bila kutazama, nami nilitaka eneokazi langu liwe hivyo.

Kitu cha kwanza katika daftari kilikuwa urefu wa ukurasa. Skrini yenye pikseli 768 za urefu ni fupi, na upau uliolala chini, ule mstari wenye menyu na saa, hula sehemu ya urefu huo, ilhali pembeni mwa karatasi ya A4 kuna nafasi tupu isiyo na kazi. Niliubofya upau kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikafungua mipangilio yake, nikaondoa alama ya kuufunga mahali pamoja, nikauchagulia hali ya kusimama na kuuvuta hadi ukingo wa kushoto. Mistari kadhaa ya barua iliongezeka machoni mwangu, na sijawahi kuurudisha chini. Katika mipangilio ya mwonekano niliongeza pia DPI ya herufi, kipimo kinachoamua ukubwa wake kwenye skrini, kutoka 96 hadi 108, ili menyu zisomeke bila kuinamia skrini.

Kitu cha pili kilihusu heshima ya mteja. Kaunta yangu iko karibu na skrini, na aliyesimama akisubiri kopi huweza kuona cheti cha hospitali au mkataba wa mtu mwingine niliyekuwa namhudumia. Xfce hugawa eneokazi katika maeneo kadhaa ya kazi, na mtu huhama kutoka moja hadi jingine kwa kubonyeza Ctrl na Alt pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia. Nimeyapanga hivi: eneo la kwanza ni la mteja aliye mbele yangu, la pili ni la kazi zilizoachwa hadi jioni, la tatu ni la hesabu za duka. Mtu mpya akiingia, hati ya yule wa kabla huondoka machoni kwa kubonyeza mara moja, nami siihitaji kuifunga wala kuitafuta upya. Ningekuwa na uwezo ningeufundisha mpangilio huu katika kila duka linaloshika nyaraka za watu.

Njia za mkato za kibodi zilifuata. Katika mipangilio ya kibodi kuna orodha ambamo mtu huandika jina la programu kisha hubonyeza vitufe anavyovitaka. Niliweka Super (kitufe chenye alama ya Windows) na W kwa ajili ya Writer ya LibreOffice, programu ya kuandikia barua, Super na F kwa ajili ya Thunar, programu inayofungua folda, na Super na S kwa ajili ya skana.

Thunar ndiyo iliyobadilisha kazi yangu kuliko kitu kingine chochote, na imebadilisha kwa mambo mawili ambayo wengi hupita bila kuyaona. La kwanza ni folda iitwayo Templates, inayokuwemo ndani ya folda ya mtumiaji tangu mwanzo. Faili lolote unaloliweka humo hutokea katika menyu ya kitufe cha kulia kama aina ya hati mpya inayoweza kuundwa. Nimeweka humo barua ya maombi ya kazi, wasifu wa mwombaji, mkataba wa pango, hati ya mauziano na barua ya serikali ya mtaa, zote zikiwa na nafasi tupu za majina na tarehe. Zamani nilifungua mkataba wa mteja wa juzi na kufuta majina yake, jambo ambalo lilitaka uangalifu mkubwa ili jina la mtu lisibaki katika mkataba wa mwingine. Sasa kila hati huanza ikiwa safi.

La pili ni vitendo maalumu. Katika menyu ya kuhariri ya Thunar kuna mahali pa kuongeza amri yako mwenyewe, ukaipa jina, ukaandika inachofanya, na ukataja ni kwa mafaili ya aina gani itokee. Niliunda kitendo nilichokiita "Geuza kuwa PDF", nikaandika amri hii: libreoffice --headless --convert-to pdf %F. Alama hiyo ya mwisho husimama badala ya mafaili yote yaliyochaguliwa. Kisha nikataja kwamba kitendo kitokee kwa mafaili yanayoishia na .doc, .docx na .odt pekee. Mwalimu anapoleta flashi yenye mitihani ya madarasa yote, ninayachagua mafaili yote, ninabofya kitufe cha kulia, ninachagua maneno hayo ya Kiswahili niliyoyaandika mwenyewe, na PDF zinajipanga katika folda ile ile bila Writer kufunguka hata mara moja.

Nikiwa bado kwenye flashi za wateja, niseme kwamba virusi vile vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato za uongo havinisumbui tena. Folda zilizofichwa kwa alama ya Windows huonekana katika Thunar kama kawaida, na ile njia ya mkato ya uongo haina la kufanya kwenye Linux. Wapo wateja walioamini kwamba kazi zao zimepotea, nasi tukazikuta zote zimo.

Lugha na eneo ni sehemu ambayo ningependa Waswahili wenzangu waitazame kwa makini. Mfumo ukiachwa na mipangilio ya Marekani, hati mpya za LibreOffice huanza na karatasi ya Letter, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tunatumia A4 yenye milimita 210 kwa 297, na tofauti hiyo inatosha kuikata mistari au kuifanya printa isimame ikiomba karatasi isiyokuwepo. Katika dirisha la lugha la Mint, lugha ya menyu, eneo, na mpangilio wa tarehe huchaguliwa kila kimoja peke yake. Menyu nimeziacha kwa Kiingereza kwa ajili ya vijana ninaowafundisha, lakini eneo na tarehe nimevipa Kiswahili cha Tanzania. Nilipotoka na kuingia tena, hati mpya zilikuwa za A4, na kwenye upau paliandikwa "Jumatano, 14 Januari 2026". Nilifurahi kwa dhati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuonyesha mwaka 2004, kwa Jambo OpenOffice, kwamba programu za ofisi zinaweza kuzungumza Kiswahili, na inapendeza kuyaona maneno yetu yakikaa kwenye kompyuta ya kazi bila kuombewa nafasi.

Kutoka hapo nikataka saa isomeke kama tunavyoisema. Xfce inakubali saa zaidi ya moja kwenye upau, kila moja ikiwa na ukanda wake wa saa na namna yake ya kuandikwa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ambayo kanda zote za dunia hupimwa kwayo, na hesabu yetu ya Kiswahili iko saa sita nyuma ya ile ya kimataifa. Ukitoa sita katika tatu unapata ukanda ulio saa tatu nyuma ya UTC, ambao ni ule wa São Paulo nchini Brazil. Nchi hiyo iliacha kusogeza saa zake mwaka 2019, kwa hiyo hesabu haivurugiki katikati ya mwaka. Katika nafasi ya ukanda niliandika America/Sao_Paulo, na katika namna ya kuandikwa nikaweka neno "saa" likifuatwa na %I:%M, alama zinazosimama badala ya saa na dakika. Saa 14:15 ya hapa kwetu kwa hesabu ya kimataifa sasa inaonekana kama "saa 08:15", nayo ndiyo saa nane na robo yetu. Saa hiyo isibebe tarehe, kwa kuwa siku yake hubadilika inapotimia saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Tarehe nimeiweka katika saa ya pili ambayo sikuipa ukanda wowote. Mzee mmoja aliyekuja kudurufu hati ya shamba aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Binti, hii saa yetu umeitoa wapi?" Nikamwonyesha.

Herufi nazo zilihitaji uangalizi, maana hati nyingi za wateja huja zikiwa na Times New Roman au Calibri. Herufi za Liberation, zinazotumika badala yake kwenye Linux, zina vipimo sawa na vya Times New Roman na Arial, na Carlito ina vipimo vya Calibri, kwa hiyo ukurasa haupandi wala haushuki hata kama umbo la herufi lina tofauti ndogo. Kwa nyaraka za kawaida hilo linanitosha.

Mipangilio yote ya Xfce hukaa katika folda iliyofichwa iitwayo .config/xfce4. Nilipomfungulia msaidizi wangu akaunti yake, niliinakili folda hiyo pamoja na Templates kabla hajaingia, kwani mfumo ukiwa wazi huandika upya mipangilio yake na kuifuta ile iliyoletwa. Thunar nayo huweka vitendo maalumu katika faili lake, .config/Thunar/uca.xml, ambalo nalo lazima linakiliwe. Alianza kazi siku hiyo hiyo akiwa na hati zote, PDF na saa ya Kiswahili. Baada ya muda alinijia akasema, "Dada, naomba niurudishe upau chini, huku pembeni jicho langu haliufuati." Aliurudisha katika akaunti yake, akaongeza na njia za mkato anazozipenda, na tunapobadilishana zamu kila mmoja anaingia kwenye eneokazi lake.