Wiki saba nikisema "yeye"

Wiki saba nilikaa rihabu na hakuna mtu alijua mpenzi wangu ni mwanaume, na sikuwa nimewadanganya. Kiswahili kilinisitiri. Ukisema "yeye", ukisema "alinivumilia sana", nani atajua unaongelea mume ama mke? Kwa hivyo kila asubuhi tukikaa kwa duara kwa zile viti za plastiki nilikuwa nasimulia vile nilimkosea, vile nilikunywa pesa ya rent yake, na wenzangu wanatikisa kichwa kwa huruma, lakini kila neno nilikuwa nalipima kwanza kabla litoke, nikitoka hapo shati imelowa jasho.

Nilianza pombe kama kila mtu, wikendi tu. Halafu nikapata makuchu wenzangu, wanaume wanaopenda wanaume kama mimi, na mahali pekee tulikuwa tunaweza kukaa bila kuangalia nyuma ilikuwa baa moja hapa Eastlands, ama kwa keja ya mtu, mzinga katikati. Sasa mtu akiniambia niache pombe nilikuwa nasikia niache familia, na ile ya damu ilikuwa imeshanitoa kwa grupu ya ukoo. Tarehe 24 Mei 2019 tulikuwa korti ya Milimani, Nairobi, wakati majaji watatu walikataa kuondoa vile vifungu vya sheria vinavyotumika dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kile cha 162 kinaweza kukufunga miaka 14, na hiyo jioni nilikunywa mpaka nikalala kwa ngazi. Kufika Januari 2023, Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki zetu, alipopatikana ameuawa, amefungiwa kwa sanduku la chuma, nilikuwa sinywi na watu tena. Nilikuwa nakunywa peke yangu asubuhi kabla ya kazi, robo naificha nyuma ya mtungi wa gesi, na kikombe cha chai nakishika na mikono miwili ndio isimwagike.

Nikajaribu kuacha mwenyewe, ghafla. Siku ya pili nikaanguka jikoni nikatetemeka mwili mzima kama mtu wa kifafa, na ni yeye alinilaza kwa ubavu nisikabwe na matapishi. Tafadhali sana, kama unakunywa kila siku usiache ghafla bila daktari, mwili ukishazoea pombe kuikatiza hivyo kunaweza kukuua. Sikuwa najua.

Ndio nikaenda rihabu. Fomu yao iliuliza kama nimewahi kujaribu kujiua, nikaweka hapana. Nilikuwa nimejaribu, mwaka uliotangulia, lakini wakati huo hilo lilikuwa kosa la jinai, kifungu 226, Mahakama Kuu ilikuja kusema kinakiuka katiba Januari 2025. Yaani mambo mawili ambayo kaunsela alihitaji kujua ndio anisaidie yote yalikuwa yananuka jela. Nani angeandika?

Wiki ya saba kaunsela akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa huyo dada anaitwa nani, tumuombee?" Nilikuwa nimechoka. Nikataja jina lake.

Kesho yake kitanda changu kilikuwa kimehamishwa, nalala peke yangu, na pasta ameitwa atoe pepo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwa orodha ya magonjwa 1990, mimi bado sijazaliwa, na hapo nimepigishwa magoti kwa simiti naombewa nipone kitu ambacho si ugonjwa, huku ule ugonjwa ulionileta hakuna anautaja. Nikatoka na begi yangu. Stejini kulikuwa na baa ng'ambo ya barabara, mlango wazi, nasikia mpaka glasi zikigongana. Nikampigia simu. Akaniambia nisikate, tukaongea tu mpaka akashuka kwa boda.

Sahi niko na kaunsela mwingine, siku ya kwanza aliniuliza "mpenzi wako ni mwanaume ama mwanamke" vile tu anaweza kuuliza nimekula nini, nikalia karibu saa nzima. Na kila Alhamisi tunakutana kwa nyumba ya mmoja wetu, watu sita, chai na mandazi. Wiki jana alikuja msichana mgeni (ameniruhusu niandike hii), akaongea karibu nusu saa, yeye hivi, yeye vile, aliniacha juu ya pombe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nikamwongezea chai. Akaizungusha kikombe kwa meza, akanyamaza kidogo, halafu akasema jina la huyo msichana wake.