Nguzo za kasti za vipande: fudikiza kikombe, usikinge mvua

Nguzo ya waya ya chuma cha kusubu, hiki mafundi wanachokiita kasti, mara nyingi haivunjiki katikati ya kipande. Huvunjika kwenye kiungio, au pale inapoingia ardhini. Tuanze na kiungio, maana ndicho kinachochorwa vibaya zaidi.

Kwa nini vipande kwanza? Anayeuliza hajajaribu kupitisha bomba la mita 9 kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja. Halipindi kona, na kreni haifiki. Kipande cha mita 3.3 chenye kipenyo cha nje cha milimita 190 na unene wa 14 kina uzito wa kilo 184 hivi. Hicho kinakwenda kwa mkokoteni, na kwenye mashua ya kuvukia kisiwa cha Kojani, Pemba, kinalala bila kuning'inia nje. Nguzo ya mita 9 hutoka katika vipande vitatu, viwili vya mita 3.3 na kimoja cha 3.2, ukitoa sentimita 40 za kuingiliana kila kiungio. Mita 1.5 zinazikwa, 7.5 zinabaki juu.

Kasti ina tabia moja ya kushika kabla ya kuchora mstari wowote: ukiibana inavumilia mara tatu au nne ya inavyovumilia ukiivuta. Nguzo za kasti za baraza za Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ziliwekwa kubeba uzito unaoteremka moja kwa moja, yaani zikibanwa tu. Nguzo ya waya haina raha hiyo. Inasukumwa ubavuni, kwa hiyo upande mmoja unabanwa na wa pili unavutwa. Tena kasti ya kijivu, ile ya kawaida, hainyooki kwanza ndiyo ikatike. Inakatika papo hapo, bila kukupa ishara. Basi kiungio kizuri ni kile kisichoiomba kasti ivute.

Flenji, yaani bamba la mviringo kwenye ncha ya kipande linalofungwa na mwenzake kwa bolti, inaomba hasa hicho. Chukua waya zinazovuta kwa nguvu ya kilo 200 mita 7.2 juu ya ardhi, na flenji iko mita 1.8. Weka bolti nane kwenye duara la nusu kipenyo cha milimita 140. Bolti iliyo mbali zaidi upande wa kuvutwa inabeba karibu tani mbili. Kwa bolti ya M20, yaani ya kipenyo cha milimita 20, hilo si jambo. Tatizo ni bamba la flenji lenyewe: bolti iko milimita 45 kutoka ukuta wa bomba, na bamba linapindwa hapo mzizini. Likiwa na unene wa milimita 20, mkazo wa mzizi unafika nyutoni 175 kwa milimita mraba. Kasti ya kawaida ya daraja la 200 inapasuka kwenye 200. Umebaki na nini? Ukinenepesha bamba hadi 36, mkazo unashuka hadi 54, lakini sasa una bamba nene lililoshikana na ukuta mwembamba. Wakati wa kupoa kwenye kalibu, bamba linachelewa kuganda na kuuvuta ukuta, na hapo mzizini kunabaki tundu au ufa usiouona.

Kuna na ubaya mwingine wa flenji. Nyuso zikiwa hazijakerezwa sawa, fundi anakaza spana ili zigusane, na nguzo inapasuka ikiwa bado imelala chini. Ukilazimika kutumia flenji, nyuso ziguse bamba zima hadi nje ya bolti, zisiguse ndani tu. Na usiiunganishe na flenji ya chuma cha pua (stili) yenye uso ulioinuka katikati. Ukikaza, ya kasti ndiyo itakayopinda, na kasti haipindi.

Kwa hiyo vipande viingiliane. Hapa watu wengi wanachora kikombe kwenye kipande cha chini, mdomo juu, na cha juu kinatumbukizwa ndani. Ni rahisi kusimamisha, na ni makosa. Mdomo unaotazama mbinguni unakinga mvua ya masika yote, pamoja na chumvi iliyoletwa na kusi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, basi inakua katikati ya vipande viwili na kukipasua kikombe kutoka ndani. Ufa wa namna hii unaujua: umesimama wima, unaanzia mdomoni na kuteremka.

Kifudikize. Kipande cha chini kimalizie kwa shingo, na kipande cha juu kiwe na kikombe kinachoivaa shingo, mdomo ukiangalia chini. Maji yanateremka nje na kudondoka. Kwa vipimo vya nguzo yetu, shingo iwe na kipenyo cha nje cha milimita 160 na unene wa 20. Mzizi wa shingo, pale kipenyo kinapotoka 190 kwenda 160, uwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 12 au zaidi. Kona kali hapo ni mwaliko wa ufa. Kwa mzigo ule wa kilo 200, mkazo kwenye mzizi huo unakuwa nyutoni 42 hivi kwa milimita mraba. Kwenye usawa wa ardhi unafika 45, na upepo wa mita 40 kwa sekunde ukilipiga bomba lenyewe unaongeza kama sehemu moja ya tano. Visiwa hivi havipigwi na tufani mara kwa mara, lakini ile ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja inatosha kutuambia tusiache hesabu ya upepo nje.

Kuingiliana kwa urefu gani? Kwa nguzo za bamba la chuma wengi hutumia kipenyo mara moja na nusu. Kwa kasti tumia mara mbili na nusu, yaani milimita 400 hapa. Sababu iko kwenye hesabu. Usiache shingo na kikombe viguse urefu wote. Vitagusana popote vinapopenda. Kereza mikanda miwili tu, kila mmoja upana wa milimita 60, mmoja juu na mmoja chini, na katikati yake ndani ya kikombe pabaki na upenyo wa milimita tano kila upande. Umbali kati ya vituo vya mikanda unakuwa 340. Kilo 200 za juu zikizidishwa kwa mita 5.6, umbali kutoka waya hadi katikati ya kiungio, kisha zikagawanywa kwa 0.34, unapata tani 3.3 zinazosukuma kwenye kila mkanda, mmoja huku na mwingine kule. Ungeingiliza milimita 200 tu, zingekuwa karibu tani 8. Ukiingiliza 600, zinashuka hadi tani 2.1, ila umeongeza uzito na kazi ya kukereza kwa faida ndogo. Kiungio cha pili, kilicho mita 4.5 juu, kinapata chini ya nusu ya mzigo wa cha kwanza, kwa hiyo shingo yake inaweza kupungua.

Tani 3.3 hizo kwenye mkanda wa chini zinasukuma ukuta wa kikombe utoke nje karibu kabisa na mdomo, na mdomo ndio sehemu dhaifu maana hauna kitu cha kuushika upande wa pili. Hapo unene uongezwe hadi milimita 25 kwa urefu wa 80, na mpito wake uwe wa mteremko, si ngazi. Anayetaka usalama zaidi akereze sehemu hiyo ya nje na kuivalisha pete ya chuma cha pua, upana 50, unene 10. Kwa kipenyo cha milimita 210, pete ikerezwe ndogo kwa milimita 0.15. Ipashwe moto hadi nyuzi 250. Itapanuka zaidi ya nusu milimita, ivae bila nyundo, kisha iachwe ipoe yenyewe. Ukiimwagia maji umeharibu kazi. Pete ikipoa inakibana kikombe daima, na kasti kubanwa ndiko inakokupenda.

Nafasi kati ya shingo na kikombe kwenye mikanda iwe milimita 0.3 kwa kipenyo. Kwa kiungio cha chini peke yake, kilele cha nguzo kitacheza kwa milimita 5 hivi, na hakuna atakayeona. Ukiacha vipande vilivyotoka kwenye kalibu bila kukereza, nafasi inaweza kufika milimita 4, na kilele kikacheza karibu sentimita 7. Kila upepo unakuwa nyundo. Hapo ndipo mtu anapotafuta vijikabari vya bati kuziba, na kila kijikabari ni ncha moja inayobeba mzigo wote. Skurubu tatu za kukazia mdomoni nazo ni vilevile, hazikazi, zinapasua. Wazee walikuwa wakiziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Inafaa bomba la maji, haifai nguzo yenye waya za kuvuta upande mmoja, kwa sababu risasi inatambaa polepole chini ya mzigo wa kudumu, na mwaka wa pili nguzo imeinama. Na ukimimina risasi ya nyuzi 327 kwenye kiungio chenye unyevu, mvuke unairusha usoni mwako.

Kikombe kikae juu ya kichwa cha shingo, ndani, si mdomo ukae juu ya bega la kipande cha chini. Mdomoni acha upenyo wa milimita 5 wa kutolea maji. Jaza grisi nzito ya majini katikati ya mikanda miwili kabla ya kuvalisha. Nguzo isizunguke wala isinyanyuke: pini moja ya M16 ipite kiungio chote kati ya mikanda, kwenye tundu la 18. Lakini itobolewe wapi? Tundu huzidisha mkazo kando yake kama mara tatu, basi lipite kwenye ubavu usiovutwa wala kubanwa, yaani pini ielekee kukatisha mstari wa waya. Fundi wa kusimamisha hatalijua hilo asipochorewa. Tia alama ya patasi kwenye kila kipande, na namba, maana shingo na kikombe vilivyokerezwa pamoja haviachani. Grisi haipitishi umeme, hivyo kila kiungio kifungwe ukanda wa chuma uliopakwa zinki, 25 kwa 3, kwa ajili ya waya wa ardhi. Shaba usiitumie karibu na bahari, itaila kasti.

Kabla ya kupokea vipande kutoka karakana, gonga kwa nyundo ndogo. Kasti ya daktaili, ile yenye grafiti ya viduara, inalia kama kengele. Ya kijivu inalia butu. Keekee nayo inasema: kijivu hutoa unga unaopaka vidole weusi, daktaili hutoa vinyweleo vifupi. Kama mfuko unaruhusu, nunua daktaili ya daraja la 400-15. Inanyooka kwa asilimia 15 kabla ya kukatika, na vipimo vyote hapo juu vinakuwa na akiba kubwa zaidi. Keekee ikiteleza bila kuuma ukingoni mwa kikombe, chuma kimeganda kuwa cheupe na kigumu kama kioo, kirudishe. Pima unene wa ukuta pande nne. Kiini cha kalibu hupenda kuhama, na bomba la 14 likawa 18 huku na 10 kule. Na kipande kilichokuja kimeshapakwa rangi kabla hujakikagua, kikwangue. Rangi huficha mengi.

Jaribio ni kulaza nguzo iliyounganishwa chini, kushika mita 1.5 za kitako kati ya magogo yaliyozikwa, na kuvuta kilele kwa ubavu, sambamba na ardhi, kwa chenibloki (winchi ya mnyororo) na mizani ya kuning'iniza. Usining'inize mawe kwenye nguzo iliyolala hewani, kwa sababu uzito wa nguzo yenyewe unaingia kwenye mzigo nawe huujui. Panda kwa kilo 50 hadi 300, dakika kumi kila hatua, kisha legeza. Ikirudi pungufu kwa zaidi ya milimita chache, fungua kiungio uangalie mikanda. Asikae mtu upande wa chenibloki wala nyuma ya kilele.

Kusimamisha ni kwa kipande cha chini kwanza. Shimo la sentimita 60 kwa 60 kwa mita 1.5 linataka zege nusu mita ujazo, saruji mifuko mitatu na kitu kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne. Mchanga wa pwani usiokoshwa haufai. Timazi pande mbili, siku saba, ndipo vya juu vinyanyuliwe kwa miguu mitatu ya boriti na chenibloki. Nguzo ya pembeni au ya mwisho ifungwe stei, yaani waya wa kuishikilia uliofungwa ardhini. Kiungio si mbadala wa stei.

Zege iinuke milimita 150 juu ya ardhi na iteremke kuelekea nje. Hapo ndipo kasti ya kijivu inapodanganya: udongo wenye chumvi unakila chuma na kuacha grafiti, na nguzo inabaki na umbo lake, rangi yake, hata herufi zilizosubiwa juu yake. Kila mwaka kusi ikiisha, kwangua rangi kidogo juu ya zege na ubonyeze ncha ya kisu. Kikiingia kama kwenye penseli, fungua waya siku hiyohiyo.