Barua ya njaa niliyoisoma Berlin

Juzi tarehe 27 Februari kaka kanirushia picha wasapu kutoka Songea, kumbukizi ya mashujaa pale Makumbusho ya Maji Maji mtaa wa Mahenge, wazee na ngao zao, watoto wa shule wamesimama juani, mashada kwenye kaburi la pamoja na kwenye lile la Nduna (yaani kiongozi wa vita wa Wangoni) Songea Mbano ambalo liko peke yake. Chini kaandika, "Hivi leo wangekupa ile barua, ungeisoma tena?" Nikaanza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta, mwisho nikaona bora niandike huku.

Ilikuwa Berlin, majira ya baridi, kabla ya korona. Yule mwenzangu wa Moshi ndo alipata tiketi, akanambia kuna mchezo wa kuigiza Kreuzberg kuhusu vita ya Maji Maji, wasanii wawili wa kwetu na mmoja Mjerumani, wewe Mngoni huwezi kukosa. Nilitoka zamu ya asubuhi hospitalini miguu inauma nikaenda hivyohivyo. Ukumbi mdogo, umejaa, na weusi mle ndani tulikuwa wa kuhesabu.

Mwanzo sitausimulia wote. Sakafu ya jukwaa walitandaza pamba, kila msanii akitembea inamganda miguuni, na hadithi wakaianzia kulekule ilikoanzia vita yenyewe, watu wanalimishwa pamba ya serikali kwa nguvu huku mashamba yao ya chakula yanaota majani, kodi inadaiwa, kiboko kinatembea, mpaka Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, watu wakaamua kuing'oa hiyo pamba. Kinjeketile, yule mganga wa Ngarambe, na maji yake ya kuzuia risasi. Boma la Wajerumani la Mahenge, ule mji wa Ulanga siyo mtaa wetu wa Songea, na zile bunduki za rashasha. Kuna sehemu yule Mjerumani alivua kofia yake ya kijeshi akamvalisha msanii wetu mmoja bila kusema neno, na yule akaanza kumpiga mwenzake, na mimi naomba hili tusilifiche kila tunapoadhimisha, kwamba walioshika bunduki za Mjerumani wengi walikuwa weusi wenzetu, Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi. Mwenzangu alinishika mkono hapo.

Halafu taa zikawaka upande wetu, wa watazamaji.

Msanii mmoja, kwa lafudhi nilimjua ni mtu wa Kusini, akashuka na bahasha mkononi anapita katikati ya viti. Anampa mtu, mtu anafungua, anasimama anasoma kwa sauti. Dada mmoja wa Kijerumani alipata karatasi ya idadi, akasoma kwamba serikali yao enzi hizo ilitaja watu 75,000 waliokufa, na kwamba wanahistoria wa Tanzania wanafika mpaka 300,000, na Wazungu waliouawa ni 15. Akakaa. Bahasha iliyofuata akapewa mzee aliyekuwa amekaa kushoto kwangu.

Mzee wa miaka sabini na kitu hivi, sweta la kijivu, kuanzia tumeingia ananisogezea kiti kwa adabu. Akavaa miwani, akasimama, akasoma jina la mwandishi na la mwandikiwa, Kapteni Wangenheim kwenda kwa Gavana von Götzen, Oktoba 1905. Akasoma mstari wa kwanza. Kimya. Nikadhani haoni vizuri. Nikamwangalia, nikaona karatasi inatetemeka na mdomo wake unafunguka sauti haitoki, ukumbi mzima unasubiri, na yule msanii naye anasubiri, hamsaidii. Mzee akageuka, akaniangalia usoni, akaninyooshea ile karatasi.

Sasa hapo ndo napataka mpaelewe. Sikuwa nimepanga kitu. Mkono wangu uliipokea kama ninavyopokea kitu chochote kwa mtu mzima, mikono miwili, na nikiwa nimeshaipokea msanii akanambia kwa Kiswahili kutoka kulekule alikosimama, "Dada, si lazima." Kwa Kiswahili, mbele ya watu wote ambao hawajui amesema nini. Ningeweza kuirudisha. Nikasimama.

Nikasoma kwa Kijerumani. Kapteni anamweleza bwana mkubwa wake kwamba mapigano peke yake hayatoshi, ni tone tu baharini, na kwamba kwa maoni yake njaa na dhiki ndizo zitakazowafanya hawa watu wasalimu amri moja kwa moja. Basi. Ameandika kwa utulivu kabisa kama mtu anayeshauri kuhusu mvua na barabara, na Kijerumani chenyewe ni kile safi nilichofundishwa darasani, sikukwama hata sehemu moja, na nilivyokuwa sikwami ndivyo koo lilivyozidi kunibana. Manake wakati mdomo unasoma, mimi nilikuwa namuona bibi yangu mzaa mama, Peramiho. Bibi alikuwa hawezi kula chakula akakimaliza. Lazima kipande cha muhogo mkavu kiingie kwenye pindo la kanga, na chini ya kitanda chake kulikuwa na vibuyu vya mahindi ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa hata mwaka wa mavuno mazuri. Tulidhani ni uchoyo wa uzee. Mama ndo alikuja kunieleza nimeshakuwa mkubwa kwamba bibi alifundishwa na mama yake, ambaye alikuwa mtoto mdogo ile miaka baada ya vita, maghala yamechomwa, mashamba yamechomwa, watu wanakula mizizi ya porini na wengine wanalala hawaamki. Kwa hiyo ule muhogo kwenye kanga ulikuwa na barua yake, na barua ilikuwa mkononi mwangu, na ilifanya kazi kama alivyoshauri.

Nikamaliza, nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi, nashukuru. Yule msanii akarudi jukwaani, mchezo ukaendelea hadi kunyongwa, Songea Mbano, Mputa Gama, Mkomanile yule mwanamke nduna, lakini kusema kweli sikumbuki waliumaliza vipi.

Baada ya hapo ni haraka haraka. Watu walinifuata pale nje wakiwa na glasi za mvinyo kunishika mkono, wengine wananiomba msamaha, na mimi sikuwa na cha kuwajibu kwa sababu sioni nani kanipa mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya waliolala kaburi la pamoja kule Songea. Mzee alinisubiri mpaka wote wameisha. Akasema alijua akiisoma yeye kwa sauti yake itasikika kama bado ni amri. Nikamwambia asante, nikaenda kuwahi treni.

Nilivyompigia kaka usiku uleule alikasirika sana, akasema mzigo ni wao, kila ukiwashinda wanatupa sisi tuubebe na sisi tunapokea kwa mikono miwili, ningemrudishia mzee karatasi yake asimame hata saa nzima mpaka sauti itoke. Mama akasema hapana, ni vizuri imesomwa na mtoto wa Ungoni, kwa lugha yao wenyewe, mbele yao, wajue mkulima waliyemnyima chakula ana kitukuu na anasoma. Nikimsikiliza kaka naona ana haki, nikimsikiliza mama naona ana haki.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokwenda Songea akaomba msamaha mbele ya ukoo wa Mbano, akaahidi watasaidia kutafuta fuvu la Nduna linalosemekana lilichukuliwa Ujerumani, nilifuatilia kwenye simu nalia, na yale maneno nayaheshimu. Ila ile barua haikusomwa siku ile. Natamani ule mchezo upelekwe Songea, uchezwe palepale makumbusho, na bahasha zigawiwe. Kaka anasema ukienda lazima Mjerumani ndo asome. Mama ana sharti lake: isomwe kwa Kiswahili, asome yeyote atakayependa, mradi aifikishe mwisho.