Manowari Iliyoitwa Nubian

Kila nipitapo Kibera, mtaa uliopewa jina na Wanubi, hukumbuka kwamba jeshi la wanamaji la Uingereza liliwahi kuwa na frigeti iitwayo Nubian, mojawapo ya meli saba za aina ya Tribal, pamoja na Ashanti na Zulu, zilizoingia kazini kati ya 1961 na 1964. Majina ya watu yalibandikwa kwenye vyuma vya kivita bila wenyewe kuulizwa, jambo ambalo hunikera kidogo.

Kinachonivutia zaidi ni chumba cha mitambo. Rafadha, yaani pangaboi la kusukuma meli majini, ilikuwa moja tu, ikizungushwa na turbini ya mvuke yenye nguvu za farasi 12,500, na kando yake turbini ya gesi ya 7,500 iliyoongeza mbio zilipohitajika. Boila huchukua saa kadhaa kupata mvuke wa kutosha, ilhali turbini ya gesi huwaka kwa dakika chache, kwa hiyo meli iliyolala baridi bandarini iliweza kung'oa nanga upesi.

Mizinga yake miwili ya inchi 4.5 ilitoka kwenye manowari kuukuu. Helikopta ya Wasp nayo ilitua juu ya sitaha iliyoshuka nayo kama lifti ya ghorofa zetu za mjini, kisha shimo likafunikwa kwa vipande vya paa.

Zulu, Gurkha na Tartar ziliuzwa Indonesia. Nubian ilizamishwa mwaka 1987, ikiwa shabaha ya mazoezi.