Mkaa umeshika karatasi, hatimaye

Umeshika! Nimepitisha kitambaa cheupe juu ya mgongo wa yule hamali wa mkokoteni tuliyemchora, pale penye weusi mzito chini ya bega, na kitambaa kimetoka na kivuli cha kijivu tu. Zamani kingeondoka na bega zima. Wenzangu mnaochora kwa mkaa hapa pwani hamhitaji kuelezwa raha yake, basi nakwenda moja kwa moja kwenye mateso yake.

Kwa ufupi, kwa wasiotufahamu: kikundi chetu hukutana kuchora watu. Modeli anakaa, sisi twachora, mikao ya dakika moja kwanza kisha mikao mirefu. Anayekaa huvaa kikoi, leso au shuka, na mkunjo wa leso kwenye goti hukufundisha mwili sawasawa na goti lenyewe. Sasa tunaonyesha kazi zetu katika chumba cha chini cha nyumba moja ya mawe, Mji wa Kale, Mombasa. Kila mwanachama ana kazi yake ukutani, awe mkongwe au mgeni. Kuna waliotaka tuchague zilizo bora tu. Nililipinga hilo na nitaendelea kulipinga, kwa sababu kikundi ni watu wanaokuja kukaa mbele ya modeli wakahangaika pamoja, na hilo ndilo la kuonyesha.

Taabu ilikuwa moja, na kila nyingine ilizaliwa humo: mkaa haushiki. Twachoma wenyewe, vijiti vya mwarobaini ndani ya kopo lililofunikwa, na ni mkaa mzuri, laini, mweusi wa kweli. Lakini hauna gundi ndani yake. Ni vumbi lililokaa juu ya nyuzi za karatasi, na chochote kikipita, iwe ni mkono, shela au kusi inayoingia mlangoni, vumbi linaondoka. Tukifunga michoro nyuma ya kioo, karatasi inavuta unyevu na kugusa kioo, na baada ya muda madoa ya kuvu yanatokea pembezoni. Kioo kinataka nafasi kati yake na karatasi, nafasi inataka fremu nene, na fremu nene za kazi zote hizo hatuna fedha zake.

Basi ni kupuliza dawa ya kushikisha. Makopo ya kupuliza yanayotoka nje ni ghali na huisha kabla hujashika kasi, kwa hivyo tulitengeneza yetu: chenga za shelaki, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, ndani ya spiriti, nyepesi kama chai ya rangi, kwa kipulizio cha mdomo, vile vibomba viwili vilivyoungana kwa pembe. Hiki kifaa nakipenda kuliko vyote nilivyo navyo. Hakina betri, hakina kopo, pumzi yako ndiyo kipimo. Pampu ya dawa ya mbu niliijaribu pia na siipendekezi kwa mtu yeyote; matone yake ni makubwa, yakianguka juu ya shavu ulilolipaka kivuli kwa saa nzima yanaacha vidoa kama ndui. Na dawa ya nywele, ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu, hugeuka njano. Acheni.

Shelaki ilishika. Lakini kulipokauka, weusi wote ulikuwa umefunikwa na utando mweupe. Kila kivuli kirefu, kila nywele, kila tundu la jicho limekuwa kijivu cha majivu. Tukapunguza shelaki, utando ukabaki. Tukaongeza spiriti, ukazidi. Tukabadilisha karatasi kutoka manila hadi katriji nzito, ile karatasi ya kuchorea, haukujali. Mwanachama mmoja alikuwa amemchora bibi yake amelala kwenye kitanda cha kamba, mchoro ambao sote tuliuonea fahari, na sikuthubutu kuugusa. Nilikasirika kwelikweli. Unachora jioni nyingi, unapata kitu chenye uhai, halafu dawa ya kukilinda ndiyo inakiua.

Aliyetuonyesha chanzo ni fundi wa samani jirani ya nyumba hiyo. Aliangalia karatasi moja, akacheka kidogo.

"Mwanangu, vanishi haipakwi jioni Mombasa. Ikipakwa jioni hunywa maji ya hewani, ikawa nyeupe."

"Sasa tupake saa ngapi, mzee?"

"Saa nane, jua likiwa kali. Na ubao uanike kwanza, upate joto ndipo upake."

Ndivyo hasa. Spiriti inaporuka huondoka na joto, uso wa karatasi unapoa ghafla, na hewa yetu ambayo asubuhi na usiku mara nyingi hupita asilimia 80 ya unyevu inatua hapo kama umande. Maji yakinaswa ndani ya shelaki inayokauka, unapata ule weupe. Mchana, joto likipanda, asilimia hiyo hushuka, na karatasi iliyopashwa juani haipoi kiasi cha kuita umande. Sisi tulikuwa tunapuliza baada ya kikao, usiku, madirisha wazi, kila mara. Tukahamia saa nane, na utando ukatoweka.

Fundi huyo huyo alitaka tujaribu sandarusi, akasema ndiyo vanishi ya wazee. Na ana haki ya kujivuna nayo: sandarusi ya mwambao huu ilisafirishwa kwa majahazi na meli hadi Ulaya na Marekani katika karne ya 19 kwenda kutengenezwa vanishi huko. Lakini ni utomvu mgumu, haukubali spiriti kirahisi, hutaka kupikwa na mafuta kwa moto mkali, na mafuta juu ya karatasi ni doa la milele. Nimenunua kipande hata hivyo. Kipo mezani, kinapendeza.

Sasa, shelaki ya saa nane ilitosha? Kwa wengi ingetosha. Mimi ilinikera. Huleta mng'aro kidogo, na mkaa ukianza kung'aa umepoteza kile kinachoufanya mkaa, ule weusi mkavu unaomeza mwanga. Ukiutazama mgongo wa hamali kwa pembeni ulionekana umelowa.

Ndipo mwenzetu mmoja, mama anayeshona kofia za vito, zile za kudariziwa, akauliza swali ambalo sote tulipaswa kuchekewa kwa kutolifikiria. "Kwani ni lazima muutie dawa baadaye? Si mngeitia wanga karatasi kwanza?" Yeye kofia huitia wanga ili isimame. Kwa nini karatasi isitiwe wanga kabla ya mkaa kuifikia, ili mkaa ulalie kitu kinachoweza kuushika?

Tukapika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, tukapaka, tukakausha. Karatasi ilipata meno mazuri sana, mkaa ulikwaruza kwa utamu. Kisha nikapitisha mvuke nikitarajia wanga ulainike na kulishika vumbi. Haukulainika. Wanga ukishapikwa na kukauka, pumzi ya mvuke haitoshi kuuamsha. Na mende waliupenda. Asubuhi moja pembe ya karatasi ilikuwa imeliwa. Lakini wazo lilikuwa sahihi, kilichokosekana ni gundi inayoamka kwa maji kidogo tu. Hiyo ni gundi ya mgunga, ile ile iliyomo ndani ya rangi za maji, na Kenya yetu huivuna kaskazini.

Kwa hivyo hii ndiyo njia, na naiandika kwa kirefu kwa sababu ningeipata imeandikwa kwa Kiswahili ningeokoka mengi:

Lowesha karatasi ya katriji, ibandike kingo zote kwenye plaiwudi kwa utepe wa gundi ya maji, iache ijivute ikauke. Usiruke hatua hii, la sivyo itafanya mawimbi. Koroga kijiko kimoja cha gundi ya mgunga ya unga ndani ya vijiko kumi vya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, tia matone mawili ya mafuta ya karafuu. Karafuu huzuia kuvu, na kwa hewa hii si pambo. Paka kwa brashi pana mara moja, upande mmoja tu, bila kurudia. Iache ikauke. Chora. Hapo ufutaji unabadilika kidogo: ile raba ya kukanda, ambayo kwa joto letu huwa ulaini wa nta, huvuta gundi, tonge la ndani la mkate wa boflo hufuta vizuri zaidi, mradi lisiwe na mafuta. Pangusa makombo yote, sisimizi hawasamehi.

Kisha birika. Maji yachemke kwelikweli, ubao usimame wima, na mdomo wa birika uwe mbali kiasi cha shibiri mbili. Pitisha mvuke polepole kutoka juu kwenda chini, kamwe usisimame mahali pamoja. Ukiona uso umebadilika kwa sekunde moja, kama umelowa kisha ukarudi kuwa mkavu, hapo gundi imeamka na kuulaza mkaa ndani yake. Weusi mzito unataka kupitishwa mara ya pili baada ya kukauka. Hakuna mng'aro, hakuna utando. Unyevu uliotutesa ndio sasa unaofanya kazi, na tunaweza kushikisha usiku ule ule wa kikao.

Michoro ya zamani, iliyochorwa kabla ya hili, inabaki na shelaki ya saa nane. Ile ya karatasi nyembamba ya magazeti nimeweza kuipaka gundi kwa mgongoni ikapenya mpaka mbele. Manila haipenyi. Mchoro wa bibi umepulizwa saa nane na nusu, jua la kuchoma, nami mikono ikitetemeka, na uko salama.

Kuhusu kutundika, haraka: ukuta ni matumbawe na chokaa, hatupigi msumari hata mmoja, na mwenye nyumba hakuhitaji kutukumbusha. Tumefunga mishipi ya kuvulia kwenye boriti za dari, vibanio juu, chubwi ndogo chini ya kila karatasi ili kusi isizirushe. Hewa inapita nyuma ya karatasi, jambo linalosaidia na kuvu pia. Mikao ya dakika moja tumeiweka mbele kabisa mlangoni. Ndiyo kazi zetu bora, nalisema bila wasiwasi. Mistari mitano na mtu amesimama. Kila aliyekaa kama modeli ameulizwa kabla ya picha yake kutundikwa. Hamali alikubali mgongo, akakataa uso, na mgongo ndio unaoonekana.

Nilikuwa niandike hapa kuhusu fremu za boriti kuukuu nilizozipanga. Mpango huo nimeusimamisha. Nilikwenda Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, kutazama ule ukuta wenye michoro ya Wareno, meli na watu, mkaa na ngeu, yaani udongo mwekundu, juu ya lipu ya chokaa, ya karne ya 17, na sijalala vizuri tangu hapo. Karne zote hizo za hewa hii hii! Chokaa mbichi inapokauka hufyonza hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na ili ifanye hivyo vizuri inataka unyevu. Mkaa uliochorwa juu yake ingali na majimaji unapaswa kufungwa humo humo bila gundi yoyote. Nimemwomba fundi anikatie mbao ndogo zenye mikwaruzo ya kushikia lipu, na mama wa kofia amekubali kuwa modeli wa kwanza, akiwa ameketi na sindano yake. Kinachokosekana ni chokaa ya matumbawe iliyozimwa kwa maji na kulazwa muda mrefu, si ya mfuko. Mwenye kujua tanuru linalochoma bado, kuanzia Kilifi mpaka Vanga, aniambie, nitakuja na ndoo.