Kontinuesheni ilirudi, tarakimu hazikurudi

Programu yangu ya kutatua Sudoku, niliyoiandika kwa lugha ya programu ya Scheme, ilininyima usingizi siku tatu. Kila penye chaguo nilishika kontinuesheni, yaani njia ya kurudi mahali hapo baadaye, kwa amri ya call/cc nikaiweka akiba. Jaribio likikwama, naiita, na programu inarudi palepale kujaribu tarakimu inayofuata.

Na ilirudi kweli. Ilikuwa imeweka 4 kwenye mraba wa 3, ikasonga mbele, ikajaza mraba wa 5 na wa 6, chaguo zikaisha. Ikarudi mraba wa 3, ikaweka 5. Nilipochapisha ubao nikakuta 7 na 9 za jaribio lililokufa bado zimekaa kwenye miraba ile miwili, zikizuia tarakimu ambazo sasa zilikuwa halali kabisa.

Nilikuwa naichukulia kontinuesheni kama picha ya programu nzima, kumbe ni kazi iliyobaki tu. Chukua (+ 1 (* 2 x)), yaani zidisha x kwa 2 kisha ongeza 1. Wakati (* 2 x) inakokotolewa, kontinuesheni yake ni "pokea jibu, ongeza 1, endelea". Inakumbuka jina lipi linaelekea kwenye kisanduku kipi. Kilichomo kisandukuni haikinakili, na vector-set! yangu, amri inayoandika tarakimu ubaoni, ilikuwa inabadilisha kilichomo.

Prolog, lugha ya programu ambayo yenyewe hujaribu na kurudi nyuma, ilishalitatua hili. Katika mashine dhahania ya kuendesha Prolog aliyoieleza David H. D. Warren mwaka 1983 kuna daftari la nyayo: vigeu vilivyopewa thamani baada ya chaguo huandikwa humo, na jaribio likishindwa vinafutwa mpaka kwenye alama ya chaguo lile. Nikaiga. Kabla ya kila vector-set! natia kwenye orodha namba ya mraba na thamani yake ya zamani. Nikishika kontinuesheni, nashika na kichwa cha orodha kilivyo wakati huo. Kurudi ni kutoa kimoja kimoja, cha mwisho kikianza, mpaka nikutane na kichwa kile. Mpangilio huo ni lazima, maana mraba ulioandikwa mara mbili ukitenguliwa kwa kuanza na cha kwanza unabaki na thamani ya katikati.

Ningeweza pia kuacha kubadilisha ubao, nikapitisha ubao mpya kila hatua. Ni safi zaidi, na programu ijayo nitaanza hivyo.

Hata hivyo siitaki lugha itakayonirudishia kumbukumbu yote yenyewe. Nina kihesabio cha majaribio yaliyoshindwa. Kingetenguliwa pamoja na ubao, kila nikirudi mwanzo kingesoma 0. Hicho sikiandiki kwenye daftari.