Siku ya Daraja

Nilipokuwa nasoma Morgantown, mji wa jimbo la West Virginia, Marekani, mwenye nyumba wangu alikuwa mchimbaji mstaafu wa makaa ya mawe, mwenye kifua kibovu na maneno mengi. Nilizoea kumwita Mzee, naye akalipenda jina hilo hata akawa analitumia mwenyewe akinipigia simu. Ukitaka kumuudhi, mwambie West Virginia ni kipande cha Virginia. Hapo utakalishwa chini uelezwe jinsi kaunti za milimani zilivyokataa kuifuata Virginia ilipojitenga na Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mpaka jimbo jipya likazaliwa tarehe 20 Juni 1863. Mimi mtu wa Lushoto sikuona ajabu. Watu wa milimani kuwatazama wa bondeni kwa jicho la pembeni ni jambo nililokulia.

Oktoba 2022 akaniambia nisipange shughuli Jumamosi ya tatu. Ilikuwa Siku ya Daraja, sherehe iliyoanza 1980, na miaka miwili iliyotangulia haikufanyika kwa sababu ya korona. Tukaondoka alfajiri kuelekea kusini, safari ya karibu saa tatu, na kadiri kulivyopambazuka ndivyo milima ilivyozidi kujionyesha: miti yote imegeuka rangi ya manjano, chungwa na nyekundu, mlima nyuma ya mlima. Nilikuwa nimeona picha za majani hayo. Picha zinapunja.

Karibu na mji wa Fayetteville, barabara namba 19 inavuka korongo la mto New River juu ya tao moja la chuma. Tao hilo lina urefu wa mita 518 kutoka upande hadi upande, na barabara iko mita 267 juu ya maji. Lilipofunguliwa mwaka 1977 hakukuwa na daraja la tao refu kuliko hilo duniani, na lilishikilia nafasi hiyo mpaka Wachina walipowapiku mwaka 2003 kule Shanghai. Siku ya sherehe magari huzuiwa, na makumi ya maelfu ya watu hutembea juu yake kwa miguu. Tuliegesha mbali, tukapandishwa mabasi ya shule, tukakaguliwa, tukaingia.

Wageni wote walikuwa wamejazana pale katikati kwenye warukaji wa parachuti. Korongo lile ni hifadhi ya taifa, na kuruka kutoka darajani huruhusiwa siku hiyo moja tu kwa mwaka. Nikajipenyeza nami. Baba mmoja mwenye ndevu nyeupe alisimama ukingoni, akakaza mikanda yake, akamwambia jirani yake neno lililomchekesha, kisha akajiachia kama mtu anayeshuka ngazi ya mwisho ya nyumba yake. Tumbo langu lilikwenda naye. Parachuti ikafunguka, watu wakapumua, na mashua za uokoaji zikawa zinazunguka huko chini, ndogo mno.

Mzee hakuwa na habari nao. Alikuwa amesimama upande wa pili na wazee wenzake wa kule, wanatazama chini wakionyeshana vidole. Aliponiona akanivuta mkono. "Unakiona kile kidaraja?" Chini kabisa, karibu na maji, palikuwa na daraja dogo jembamba, na kinjia kinachopinda na kupinda kulifikia. Ndiko walikokuwa wakipita kabla ya daraja kubwa kujengwa. Kuteremka, kuvuka na kupanda upande wa pili kulichukua kama dakika arobaini, na majira ya theluji Mungu ndiye aliyejua. Sasa ni chini ya dakika moja. Nikaelewa kwa nini wazee wale walitembea daraja zima, kwenda na kurudi, pole pole, bila hata kugeuka kumwangalia mrukaji.

Nilidhani sherehe imekwisha. Wakati wa kurudi, tulipofika Summersville, Mzee akaniambia nikate kona. Tukafika kwenye makaburi madogo katikati ya miti, jirani na ziwa. Ardhi ilikuwa na mabonde-mabonde, yamejaa majani makavu.

Mwaka 1930, akanieleza, kampuni ya Union Carbide ilitaka umeme, ikaamua kuupitisha mto ule ule wa New River ndani ya mlima pale Hawks Nest. Mwamba ulikuwa umejaa silika, madini ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Watu waliutoboa bila maji ya kutuliza vumbi, wakalivuta, na mamia yao wakafa kwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo. Wengi walikuwa Wamarekani weusi waliofuata kazi kutoka kusini, na baadhi walizikwa kwenye shamba la mtu kwa sababu makaburi ya weupe hayakuwapokea. Miaka ya sabini barabara namba 19 ilipopanuliwa, mifupa ilihamishwa ikaletwa hapa. Ni barabara hiyo hiyo tuliyokuwa tukiisherehekea asubuhi.

"Sisi angalau tulikuwa na chama cha wafanyakazi," alisema, akakohoa kikohozi chake kirefu. "Hawa hawakuwa na mtu."

Vipeperushi vya utalii nilivyopewa darajani vilitaja mashua, baiskeli na majani ya vuli. Mzee yeye aliweka sherehe na makaburi katika siku moja, na nadhani alikuwa amepanga hivyo tangu nyumbani.

Mbele kidogo tukasimama kununua mikate yenye soseji ya pepperoni ndani, chakula cha wachimbaji wa Kiitaliano ambacho jimbo zima sasa linakidai. Akauliza Kilimanjaro una urefu gani. Nikamwambia mita 5,895. Akatafuna kwanza. Mlima wao mrefu kuliko yote, Spruce Knob, una mita 1,482 tu.

"Lakini kwenu si uko mmoja tu?"

Nikamtajia Meru, Usambara, Upare, Uluguru, Udzungwa. Akanijibu kwa yake, mmoja mmoja, na tukabishana hivyo mpaka Morgantown.